Ni Nani Aliyeipanua Njia?

Leo twataka kuwaulizeni swali ambalo mwanzoni litaonekana dogo. Ukitoka hapa Kalangalala ukaelekea upande wa vilima na msitu wa Geita, utakutana na njia za miguu na za baiskeli ambazo wazee wetu walizijua zikiwa nyembamba, upana wa mtu mmoja na mzigo wake. Watu wawili wakikutana, mmoja alisogea majanini ili mwenzake apite, na hapo ndipo salamu zilipopata nafasi. Leo njia hizo hizo, mahali pengi, zimekuwa pana kiasi cha kupitisha trekta, na katikati yake yamo makorongo yaliyochimbwa na maji. Mwendesha baiskeli hushuka na kusukuma pale ambapo baba yake alipita akipiga mluzi. Swali letu ni hili: ni nani aliyeipanua njia?

Ulizeni, nanyi mtajibiwa. Mbeba mkaa atasema kwamba yeye hupita mara mbili tu kwa juma, na tena ana watoto wa kulisha. Mama wa kuni atasema kwamba hana hata gurudumu moja. Mchunga ng'ombe atasema ng'ombe walikuwapo kabla ya baiskeli. Kijana wa bodaboda atasema alipoanza kazi aliikuta njia imekwisha kuharibika. Na wale vijana wenye baiskeli za gia, wanaopanda kilimani siku za mapumziko ili wateremke kwa kasi, watasema wao ni wachache na wepesi, hawabebi hata gunia. Kila mmoja wao atasema, "Si mimi."

Jambo la kushangaza ni kwamba kila mmoja wao anasema kweli. Hakuna hata mmoja aliyeamka asubuhi akashika jembe akaenda kuchimba korongo. Ukimwondoa yeyote kati yao, korongo lingekuwapo vile vile. Basi hapa tuna ubaya uliotendeka, na hatumwoni mtendaji. Jambo hili likiachwa bila kufikiriwa, tutazoea kuamini kwamba ubaya usio na mtendaji hauna pia mwenye wajibu. Imani hiyo ni ya hatari, wala haiishii njiani.

NJIA HUZALIWA NA KUZEEKA

Kwanza tuelewe jinsi njia inavyobadilika, maana hukumu isiyoanza na kuelewa ni kelele tu.

Mguu wa kwanza hulaza majani, na kesho yake majani huinuka. Baada ya miguu mia majani hufa. Baada ya maelfu udongo hugandamizwa, na vile vitundu vidogo ambamo hewa na maji hupita huzibwa. Hapo njia inakuwa ngumu na nzuri, na mpita njia hufurahi. Lakini mvua ikinyesha, maji hayazami tena katika udongo ule mgumu. Hutafuta pa kwenda, nayo njia yenyewe ndiyo mfereji uliokwisha kuandaliwa. Kama njia imeshuka moja kwa moja kutoka juu hadi bondeni, kama wengi tupendavyo kwa sababu ni fupi, maji hushika kasi, hubeba udongo laini, na kuacha changarawe na mizizi mitupu.

Mzizi uliolowa huteleza. Kwa hiyo mwenye baiskeli hukwepa na kupita pembeni yake, juu ya majani. Kesho mwingine hufuata alama ya gurudumu lake. Baada ya mwezi mmoja ile pembeni imekuwa njia, na baada ya masika mawili imekuwa korongo la pili. Penye tambarare mambo huenda namna nyingine: maji hutuama, dimbwi huzaliwa, na kila apitaye hulizunguka ili asichafue viatu. Kwa kulizunguka huua majani ya ukingoni, na dimbwi hupata mahali pa kuenea. Wakaao penye udongo mweusi wa mbuga wanalijua hili kuliko wote. Dimbwi la hatua tatu mwezi wa Novemba huwa ziwa la hatua kumi na tano mwezi wa Aprili.

Baiskeli ina desturi zake katika jambo hili. Mshukaji akifunga breki ya nyuma ghafula, gurudumu haliviringiki bali huburura, na huchora mfereji mdogo ambao maji ya usiku ule huukuta na kuufuata. Penye kona wengi hupenda kukatiza, na kona hupanuka kwa ndani. Ila tusiilaumu baiskeli kupita haki yake. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Wilson na Seney, walitoa matokeo ya majaribio waliyofanya katika njia za milimani huko Montana. Walilinganisha watu wa miguu, farasi, pikipiki na baiskeli. Waliona kwamba katika njia zilizolowa, kwato na miguu zililegeza udongo mwingi kuliko magurudumu. Kwa hiyo yule asemaye, "Mimi sina gurudumu, sihusiki," ajue kwamba udongo haukubaliani naye.

BAISKELI ILIVYOFIKA KATIKA NJIA ZETU

Hakuna haja ya kueleza mtu wa Usukuma baiskeli ni nini. Fedha za pamba za miaka ya 1950 zilileta Raleigh kutoka Uingereza hadi katika nyumba za wakulima. Baadaye zikaja Phoenix za Uchina, imara na nzito. Watu walikuwa wakihamia Geita kutoka Mwanza na Kwimba wakitafuta ardhi mpya, na njia nyingi zilizokatiza misitu zilifunguliwa na miguu ya wahamiaji hao na mifugo yao. Juu ya keria ya baiskeli wamepita wagonjwa, maharusi, madumu ya maziwa, marobota ya pamba, matofali, na majeneza. Hatuoni aibu kusema kwamba nchi hii ilijengwa juu ya magurudumu mawili.

Wenzetu wa mbali walipogundua kwamba baiskeli yaweza kupita porini, waliufanya kuwa mchezo. Huko California, katika miaka ya 1970, vijana walikuwa wakichukua baiskeli kuukuu, nzito, zilizotengenezwa tangu miaka ya 1930, na kuteremka nazo katika barabara za vumbi za mlima Tamalpais na vilima jirani. Mwezi wa Oktoba 1976 walianzisha mashindano waliyoyaita Repack. Jina hilo maana yake ni kupakia tena, kwani breki ya kitovuni ilipata moto hadi grisi ikaungua, ikabidi kupakia nyingine kabla ya kushuka mara ya pili. Kutokana na mchezo huo zikaja baiskeli za milima zenye gia nyingi na matairi mapana, ambazo leo twaziona hata hapa kwetu zikiuzwa kama mtumba. Mtu wa Geita akisikia habari hiyo hucheka kidogo, maana kuteremka kilima kwa baiskeli nzito isiyo na gia ni kazi iliyofanywa hapa kwa miaka mingi, tena na magunia mawili nyuma.

Lakini kicheko hicho kisitupotoshe. Wenye mchezo huo walijifunza jambo moja ambalo sisi wenye kazi hatujalishika vizuri: kwamba njia ya msituni haikai yenyewe. Walipoanza kuwa wengi, njia zao ziliharibika, wakagombana na watembea kwa miguu na wenye misitu, na mahali pengine walifukuzwa. Ndipo wakaanza kujifunza ufundi wa njia. Wanafundishana kwamba ujia usipande wala kushuka kwa ukali unaozidi nusu ya ukali wa kilima chenyewe, bali ukate ubavuni kwa ubavuni. Kwamba ukingo wake wa chini ulale kidogo ili maji yavuke na kuondoka badala ya kuufuata. Kwamba penye tope apitaye apite katikati, kwa kushuka na kusukuma ikibidi, wala asizunguke. Hili la mwisho tulishike, tutalirudia.

VISINGIZIO VITATU

Sasa turudi kwa wale waliosema, "Si mimi." Tukiwasikiliza vizuri tutaona wana visingizio vitatu.

Cha kwanza ni hiki: "Sehemu yangu ni ndogo mno." Ni kweli, sehemu yake ni ndogo. Lakini wahenga wetu waliosema haba na haba hujaza kibaba hawakusema kwamba kibaba kilijazwa na mwingine. Kama punje ya mia ilisaidia kukijaza, na punje ya kwanza pia ilisaidia. Ila tatizo la kisingizio hiki haliko katika hesabu peke yake, bali katika swali tunaloliuliza. Sisi tuliofundisha walimu wanafunzi kwa miaka mingi tuliwaambia jambo hili: ukiingia darasani ukakuta pachafu, ukauliza, "Nani amechafua?" utapata kimya na macho ya chini. Lakini ukisema, "Kila aliyekaa humu leo ashike ufagio," darasa litakuwa safi kabla ya kengele. Swali la kwanza hutafuta mkosaji, na mkosaji hapatikani. La pili hutafuta aliyenufaika, naye hupatikana mara moja.

Ndivyo ilivyo kwa njia. Tukiuliza nani aliyeiharibu, hakuna. Tukiuliza nani iliyemfikisha alikokwenda, ni watu wengi sana. Hapo twaona kwamba deni la mtu kwa njia halipimwi kwa uharibifu anaoweza kuthibitishiwa, bali kwa faida aliyoipata. Aliyepita anadaiwa kwa sababu amepita. Hii ni haki iliyo rahisi kuielewa, maana hata kisima kijijini hufuata kanuni hiyo hiyo: siku ya kukisafisha haitafutwi ndoo iliyoleta matope, huitwa kila achotaye.

Mtu atauliza, je, ni haki mama wa kuni alipe sawa na mwenye kupitisha magunia? La hasha. Deni la faida lina vipimo. Apitishaye mzigo mkubwa ana deni kubwa kuliko apitaye na fimbo mkononi. Tena hapa yatupasa kumkumbuka mtu ambaye hatumwoni njiani kabisa. Kijana mwenye gunia la mkaa juu ya keria mara nyingi hakujituma. Yuko mnunuzi mjini anayemngoja. Na nyuma ya mnunuzi yuko mpishi, na nyuma ya mpishi iko sufuria. Ndugu wasomaji, mkaa huo unapika wapi? Unapika katika nyumba zetu, hata katika nyumba za wale wanaosema kwa fahari kwamba hawajapata kukanyaga njia ile. Magunia yamepita kwa niaba yao. Njia ya msituni haiishii ukingoni mwa msitu. Inafika mpaka jikoni.

Kisingizio cha pili ni hiki: "Fulani ni mbaya kuliko mimi." Mwenye baiskeli humwonyesha mwenye pikipiki, mwenye pikipiki humwonyesha mwenye ng'ombe, na wote kwa pamoja huinua kidole kuelekea kilimani na kusema, "Mbona mgodi umechukua kilima kizima?" Tusiyafanye mambo kuwa mepesi. Ni kweli kwamba mgodi mkubwa wa Geita, uliozinduliwa mwaka 2000, umechimba mashimo ambayo korongo la baiskeli mbele yake ni kama mkwaruzo wa kucha. Ni kweli pia kwamba mambo makubwa yana sheria zake, wakaguzi wake na mikataba yake, na raia ana haki ya kuyauliza kwa njia zake. Lakini ukubwa wa deni la jirani haujapata kufuta deni la mtu. Anayengoja hadi mkubwa awe mwema ndipo naye afukie dimbwi la hatua tatu mbele ya nyumba yake, ameamua kungoja milele. Tena mtu asiyeweza kutunza ujia wa upana wa mguu, atamkosoa nani juu ya kilima, naye akasikilizwa?

Kisingizio cha tatu ni hiki: "Hiyo ni kazi ya serikali." Barabara kubwa ni kazi ya serikali, na msitu wa hifadhi una wenyewe, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu mtu kukata miti au kulima ndani ya msitu wa hifadhi pasipo kibali, na ni vizuri kwamba hairuhusu. Lakini mwafrika gani amekua akingoja serikali ije kufyeka ujia wa kwenda kisimani? Serikali inaweza kukataza na kuruhusu. Haiwezi kumshusha kila mtu kwenye baiskeli penye tope. Jambo hilo hufanywa na mtu akiwa peke yake, pasipo shahidi, na hapo ndipo tabia yake inapojulikana.

JE, MABADILIKO NI DHAMBI?

Wako wazee wanaolia wakisema njia ya babu zetu imekufa. Twawaheshimu, lakini tusikubali kila kilio. Njia haijapata kusimama mahali pamoja. Mninga ukianguka, njia huuzunguka, na miaka ishirini baada ya mti kuoza bado njia inapinda hapo, na watoto wanashangaa kwa nini inapinda. Mto ukihama, kivuko huhama. Machimbo ya zamani ya dhahabu hapa Geita yalipofungwa mwaka 1966, njia zilizopoteza miguu ya wachimbaji zilianza kumezwa na majani, na hakuna aliyetenda kosa. Wachimbaji wadogo walipomiminika miaka ya baadaye, miguu ilifungua njia nyingine. Njia huishi kwa kupitwa. Isiyopitwa hufa, na ipitwayo bila kutunzwa huua ardhi iliyo chini yake.

Kwa hiyo ziko namna mbili za mabadiliko. Iko njia inayobadilika kwa sababu inaitikia nchi: inauzunguka mti, inakwepa chemchemi, inapanda kwa ubavu wa kilima. Na iko inayobadilika kwa sababu kila apitaye anakimbia gharama yake ndogo na kumwachia ajaye nyuma: viatu vyake vikiwa safi leo, vya mwenzake vizame kesho. Kwa macho, mabadiliko haya mawili yaweza kufanana. Tofauti yake ni kwamba la kwanza hufanywa kwa ajili ya wote, la pili kwa ajili ya mmoja mmoja.

Tena tukiwa wakweli, mara nyingine njia ya babu yenyewe ilikuwa na kasoro. Ilishuka moja kwa moja kwa sababu wapitaji walikuwa wachache, na ardhi iliweza kuwavumilia. Leo sisi ni wengi, na ardhi haiwezi. Kuwa mwaminifu kwa njia ya babu si lazima kupita pale pale alipopita, bali kufanya ile kazi aliyoifanya kwa njia ile: kumfikisha mtu kwa jirani yake pasipo kumla jirani shamba. Kama uaminifu huo wadai tuhamishe njia ikazunguka ubavuni na kuongeza mwendo wa dakika kumi, tuihamishe kwa kibali, na ile ya zamani tuizibe kwa matawi ili ipone. Kuacha njia ya mkato ni jambo gumu. Dakika kumi hizo, kwa mtu mwenye mgonjwa kwenye keria, si mchezo. Lakini korongo nalo humcheleweshea mgonjwa, na mwaka hadi mwaka humcheleweshea zaidi.

KAZI NA MCHEZO

Limebaki suala la vijana wa baiskeli za gia. Wengi husema: mwenye mkaa ana shida, apite; kijana anacheza tu, azuiwe. Sisi hatukubali haraka hivyo. Kwanza, udongo hauulizi nia. Gunia zito lenye sababu njema huchimba kuliko kijana mwepesi asiye na sababu. Pili, mchezo si uovu. Kijana atokaye jasho kilimani pamoja na wenzake, akajifunza ujasiri na kuangalia mbele, si afadhali kuliko akeshaye kwenye kamari? Huko Nairobi upo msitu wa Karura. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake waliutetea usigawiwe wajenzi, na kwa miaka mingi watu waliogopa kuuingia kwa sababu ya wahalifu. Ulipozungushiwa uzio na kufunguliwa kwa umma mwaka 2011, waliosaidia kuufanya uwe salama ni pamoja na watu waendao huko kwa mapumziko tu, kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli katika njia zilizowekewa alama. Macho ya mwenye kufurahia mahali pale ni mlinzi mzuri.

Ila mwenye kucheza ana wajibu mmoja mzito kuliko mwenye kazi. Mwenye njaa hachagui siku. Mama mjamzito hachagui saa. Mwenye kucheza huchagua. Njia ikiwa imelowa kwa mvua ya jana, yeye anaweza kungoja siku mbili udongo ukauke, na hatapungukiwa kitu. Twaona hii ni kanuni ya haki si kwa baiskeli tu: mwenye uhuru mkubwa wa kuchagua ndiye wa kwanza kupaswa kungoja. Vijana wakiishika, hakuna mzee atakayewazuia. Na wakiongeza jembe na koleo katika safari zao, basi wao ndio watakaokuwa mabwana njia wetu, maana wanakijua kila kipindi na kila mzizi kuliko sisi sote.

JIRANI ZETU WALIFANYAJE

Mtu asije akasema haya ni maneno ya mwalimu asiyeijua dunia. Tutazame Shinyanga. Huko vichaka na misitu vilifyekwa tangu miaka ya 1920 ili kufukuza mbung'o, baadaye vikafyekwa kwa ajili ya pamba, na mifugo ikazidi. Njia za ng'ombe kwenda majini zikawa makorongo, na watu wakaanza kuiita nchi ile jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, uliodumu hadi mwaka 2004. Hawakuanza na elimu ngeni. Walirudisha ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho na kulifunga wakati wa mvua ili litumike wakati wa kiangazi. Ardhi iliyopumzishwa ilijiotesha yenyewe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilizohuishwa katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao ulikuwa pamoja na wilaya ambazo tangu 2012 ziko Simiyu, zilizidi hekta 300,000.

Nani alilinda? Si askari wa kutoka mbali. Watu walikutana katika dagashida, baraza lao la jadi, wakakubaliana masharti na adhabu, na sungusungu wakayasimamia. Linganisheni jambo hili na la wakati wa mkoloni. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma wa mwaka 1947 nao ulitaka kuokoa ardhi, na baadhi ya mawazo yake yalikuwa ya maana. Lakini uliletwa kwa amri juu ya matuta na idadi ya ng'ombe, watu wakauchukia, na kufikia mwaka 1958, ambapo hapa Geita palitokea upinzani mkubwa dhidi ya serikali ya kikoloni, amri zile zilikuwa zimepoteza nguvu. Ardhi ilikuwa ile ile, na haja ile ile. Kilichotofautiana ni kwamba mara ya pili watu waliulizwa.

TUFANYE NINI

Tunalopendekeza ni dogo. Kabla mvua za Oktoba hazijaanza, wazee wa mtaa, wenye baiskeli, wenye pikipiki, wachunga ng'ombe na vijana wa mchezo wakae pamoja kwa saa moja. Wachague njia moja tu, ile inayopitwa zaidi, na waende kwa ofisa misitu kuomba ushauri na ruhusa. Wachimbe michirizi ya kukingama, kila baada ya hatua kadhaa, ili maji yatoke kabla hayajapata nguvu. Madimbwi wayajaze mawe na changarawe, wala si udongo mlaini ambao mvua ya kwanza itauchukua. Njia za pembeni zilizozaliwa na ukwepaji zizibwe kwa matawi, na majani yaachwe yarudi. Na wale ambao magunia yanapita kwa niaba yao, kama hawana nguvu ya kushika jembe, watoe uji na maji ya kunywa kwa wachimbaji, au wachangie bei ya koleo moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na korongo likishapita kimo cha mtu, halizibwi tena kwa koleo.

Baada ya siku hiyo ya kazi itabaki kazi ya kila mmoja, ambayo haina mkutano wala orodha ya majina. Ni asubuhi ya mvua, njia haina mtu, tope liko mbele, na majani ya pembeni ni makavu na yanakaribisha. Ukizunguka, hakuna atakayekuona, na uharibifu wako hautapimika. Shuka, ushike usukani, upite katikati ya tope. Viatu vitachafuka. Vitaoshwa jioni.

Mwalimu mstaafu,
Kalangalala